Nikate ukuta wa kabini niingize stirio, au spika za boksi zinatosha?

TupaNanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nina boti yenye kabini ndogo na nimechoka kusikiliza muziki kwenye simu niliyoitumbukiza kwenye bilauri ili sauti ikue. Nataka stirio ya maana. Nimejikuta nimesimama njia panda: ninunue redio ya kawaida ya gari, nikate tundu kwenye paneli ya meza ya ramani na spika mbili nizizamishe ukutani, au nijikaze ninunue redio ya baharini yenyewe, zile fupi zisizo na sehemu ya CD, au nisikate chochote, amplifaya ndogo ya Bluetooth nifiche kabatini, spika za boksi zikae juu ya rafu.

Kazi nataka kuifanya wikiendi hii. Jigso ninayo. Mnasemaje?

FundiWaya

Mkuu, jigso umeitaja, wikiendi umeitaja, boti hujaitaja. Ya faiba au ya mbao? Ya matanga au ya injini tupu? Petroli au dizeli? Betri ya kuwashia injini imetengwa na ya matumizi, au zote zinakunywa kisima kimoja? Na huo "ukuta" ni mlango wa kabati, au ni ule ukuta mkuu unaokata boti kutoka ubavu hadi ubavu? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

Ngama_Kavu

Ongeza: dira iko wapi?

BintiSitaha

Mimi ni wa spika za boksi, na sioni cha kujadili. Tundu ukishalikata ubaoni halizibiki likasahaulika, na siku ukiuza boti mnunuzi atalianza hilo. Amplifaya yangu ni ndogo kama kitabu, imefungwa kwa skrubu mbili ndani ya kabati la makoti, simu ndiyo rimoti. Msimu ukiisha naifungua nakwenda nayo nyumbani. Ubao wa msaji haujaguswa.

Joshi

Redio ya gari inatosha kabisa, tusitishane. Kabini ni ndani, mvua hainyeshi humo, wimbi haliingii. Neno "baharini" likiandikwa kwenye boksi, bei inapanda na sauti inabaki ileile.

Mzee_Mlingoti

Mimi nitakuwa mkorofi kidogo. Stirio ya nini kwenye boti? Injini ikitaka kufa inabadilisha mlio kwanza. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji chini ya boti, ikijiwasha yenyewe usiku wa manane, unatakiwa uisikie. Kamba ikianza kusaga mahali isipopaswa, unatakiwa uisikie. Sasa nyie mnataka besi.

BintiSitaha

Shikamoo mzee. Boti ikiwa imetia nanga na chai iko mezani, kuna ubaya gani? Hakuna aliyesema disko zamuni.

Mzee_Mlingoti

Marahaba binti. Ubaya ni jirani aliyetia nanga pembeni. Maji hayazuii sauti, yanaibeba. Lakini endeleeni, nimesema yangu.

FundiWaya

Joshi, mvua haiingii lakini chumvi inaingia. Usiku watu wanalala na milango imefungwa, pumzi na mvuke wa jiko vinakwenda kuganda kwenye kila kitu cha baridi, na kisanduku cha chuma cha redio ni kitu cha baridi. Tofauti kubwa ya redio ya baharini haipo kwenye sauti, ipo kwenye ubao wa saketi: umepakwa utando wa kuzuia unyevu. Spika zake pia, koni ni ya plastiki badala ya karatasi, na ukingo wake ni mpira badala ya sponji inayooza. Zile namba za IPX, za kustahimili maji, zinahesabika: IPX5 inastahimili maji ya kurushwa kwa mpira, IPX7 inazamishwa mita moja kwa nusu saa. Kwa ndani ya kabini hauhitaji IPX7. Huo utando unauhitaji.

Joshi

Yangu haina utando na bado inaimba.

FundiWaya

Itaimba hadi siku itakapoacha, na siku hiyo haitakutumia barua. Sijasema ni dhambi. Mtu akijua kwamba ataibadilisha baada ya misimu kadhaa, ya gari ni chaguo halali. Asichopaswa ni kuamini wati zilizoandikwa kwenye boksi. "4 x 50" kwa herufi kubwa, halafu geuza mgongoni uone fyuzi: mara nyingi ni ampea 10. Volti 12 mara ampea 10 ni wati 120 zote kwa pamoja, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Wati za kweli za mfululizo ni kama 20 kwa kila spika ya omu 4. Zinatosha kabini, ila usinunue spika za wati 300 ukidhani utazishibisha.

TupaNanga

Asanteni, nilikuwa safarini. Majibu: boti ni ya faiba, ya matanga, kama mita 8. Injini ni ya ndani, petroli. Betri ziko mbili na swichi ya kuchagua. Ukuta ninaousema ni ule wa nyuma wa kabini, kulia na kushoto kwa mlango wa kuingilia, maana hapo spika zitatazama ndani vizuri na nyaya ni fupi. Amplifaya nilifikiria kuificha nyuma ya ngazi, kuna nafasi kubwa pembeni ya injini. Dira imefungwa nje kwenye ukuta huohuo, upande wa kulia.

FundiWaya

Simama hapohapo. Amplifaya pembeni ya injini ya petroli, HAPANA. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauondoki, unatulia chini ngamani ukingoja cheche. Kifaa chochote cha umeme kinachokaa chumba hicho lazima kiwe kimethibitishwa kwamba hakiwezi kuwasha mvuke. Kiwango chake ni ISO 8846. Redio na amplifaya za muziki hazitengenezwi kwa kiwango hicho. Kabati la mtungi wa gesi ni vilevile, maana nayo inazama chini.

Ngama_Kavu

Na mimi sasa nitaandika kirefu, maana hilo la dira lilinikuta.

Boti yangu niliinunua mkononi kwa mtu. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa amemlipa fundi amfungie stirio, na kwa macho kazi ilikuwa safi: spika mbili za inchi 6.5, moja kila upande wa mlango, zimezama ubaoni, hakuna waya unaoonekana. Dira ilikuwa nje, ukuta huohuo, kulia. Palepale unapotaka kukata wewe. Kati ya sumaku ya spika na dira palikuwa na unene wa ubao na upana wa kiganja, basi.

Nilipoichukua boti niliikagua dira kama kila mtu anavyokagua. Nikatoka kuelekea kaskazini, nikalinganisha na GPS, zikakubaliana. Nikarudi kusini, zikakubaliana. Baadaye tukawa na safari ya kuelekea mashariki, jioni, mawingu yameshuka hadi juu ya mlingoti. Simu yenye ramani ikaishiwa chaji, nikashika dira. Boya lenye taa lilitakiwa litokee kushoto kwetu. Likatokea kulia. Kwanza nikadhani ni boya jingine. Halafu kipima kina kikaanza kushuka, 14, 11, 9, na katikati ya upepo nikasikia mawimbi yanavunjika mahali ambapo kwa mujibu wa ramani yangu ya kichwani palikuwa na maji tu. Ilipofika 5 nikageuza usukani wote, tukarudi tulikotoka kwa mstari uleule, tukatia nanga tukangoja kuche.

Mchana wake nikazungusha boti polepole nikiandika kila upande. Kuelekea mashariki dira ilikuwa imepotoka karibu digrii 20. Magharibi imepotoka hivyohivyo ila kwa upande wa pili. Kaskazini na kusini, sawasawa kabisa! Sababu nimekuja kuielewa baadaye: sumaku imekaa mbele ya dira kwenye mstari wa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya boti. Ukielekea kaskazini au kusini, mvuto wake unalala mstari mmoja na wa dunia, sindano haina pa kwenda. Ukigeuka mashariki au magharibi, inavutwa ubavuni.

Nilifungua skrubu nne nikaishika spika mkononi ndani ya kabini, mwenzangu nje anaangalia dira. Kila nilikoipeleka, kadi ya dira iliifuata kama kifaranga. Fundi aliyeifunga hakuwa na kosa kwenye waya hata mmoja. Hakutoka tu nje kuangalia kuna nini upande wa pili wa ubao.

TupaNanga

Duh. Mkuu umenikata stimu kabisa. Yaani tayari nilishachora duara kwa penseli.

Joshi

Si anunue spika za sumaku ya neodimiamu? Ni ndogo sana zile.

FundiWaya

Ni ndogo ila kali. Kinachosaidia siyo neodimiamu yenyewe, ni pale inapokaa ndani ya kikombe cha chuma kinachozuia mvuto usitoke nje. Nyingine zina kikombe hicho, nyingine hazina, na boksi halikwambii. Habari njema ni kwamba mvuto wa sumaku unakufa haraka: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki kama moja ya nane. Watu husema kaa mita moja kutoka kwenye dira. Mimi nasema pima. Shika spika mkononi mahali unapotaka kuikata, mtu mwingine akae nje na dira, boti ielekee mashariki au magharibi kama Ngama_Kavu alivyoeleza. Kadi ikitikisika, hapo siyo mahali. Na kama una usukani wa kujiendesha wa umeme, nao una dira yake ya siri mahali fulani, mara nyingi chini ya kiti au ndani ya kabati. Itafute kabla hujasukuma spika kwenye kabati hilo.

BintiSitaha

Ndiyo maana nasema spika za boksi. Dira ikilalamika unazihamisha. Duara la jigso huwezi kulihamisha.

FundiWaya

Nakubali nusu. Spika ya boksi ina faida nyingine watu hawaisemi: imefungwa nyuma. Ukizamisha spika kwenye mlango wa kabati, hewa ya nyuma inazunguka kwenye mianya inakutana na ya mbele, besi inajiua. Ndiyo maana wengi wanalalamika "spika nzuri, sauti ya bati." Ila boksi lazima lifungwe kwa skrubu na mkanda. Boti ikilala upande mmoja kwa upepo, boksi la kilo tatu juu ya rafu linaruka, na linapotua huwa kuna kichwa cha mtu.

TupaNanga, ukiamua kukata pamoja na yote haya, sehemu nzuri ni mbao za mbele za makabati ya juu, mbali na mlango. Ukuta mkuu unaobeba vyuma vya kamba za mlingoti usiuguse. Ubao wa kabati mara nyingi ni plaiwudi ya mm 6, spika ikifungwa hapo inapiga kelele ya kutetemeka. Kata pete ya plaiwudi ya mm 12, ibandike kwa gundi ya epoksi nyuma, spika ishikwe na vyote viwili. Kabla ya hapo toboa tundu dogo, ingiza waya uliopinda, uzungushe. Utashangaa nyuma kuna bomba gani. Bandika tepu ya karatasi juu ya msaji ndipo uchore, na tumia bapa la jigso lenye meno yanayokata kuelekea chini ili lisibandue uso wa ubao. Ukingo uliokatwa upake epoksi, plaiwudi isinywe maji. Barakoa vaa, vumbi la faiba halina rafiki.

Tundu la redio ya kawaida ni mm 182 kwa 53. Hilo linajulikana. Kinachowaumiza watu ni kina: redio ya gari yenye CD inakula sm 16 na zaidi nyuma ya paneli, halafu weka nafasi ya plagi na nyaya kupinda. Zile fupi zisizo na CD zinaokoa hapo.

Kamba_Fupi

Nimeweka kambi hapa, na mimi nina hiyohiyo. Swali: waya mwekundu na wa njano wa redio niunganishe pamoja au vipi?

FundiWaya

Wa njano ni wa kumbukumbu, mwekundu wa kuwashia. Kwenye gari wa njano una umeme siku zote. Boti inayolala wiki kadhaa bila chaja, hata miliampea chache zinajumlika, kwa hiyo mimi naunganisha vyote viwili nyuma ya swichi moja. Stesheni zinaweza kufutika ukizima. Afadhali stesheni kuliko betri. Betri ya risasi iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma volti 12.6 au juu kidogo, ikifika 12.2 umeshakula nusu. Muziki utumie betri ya matumizi peke yake. Ya kuwashia injini usiiguse hata kama mko kwenye wimbo mzuri.

Kanuni za ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, zinataka fyuzi iwe ndani ya inchi 7 za betri, yaani kama sm 18. Kwa redio wanaruhusu umeme upungue njiani hadi asilimia 10. Taa za safari wanabana asilimia 3. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu inakuwa nyeusi ndani ya mpira wake hadi mbali sana kutoka ulipoikata.

Na hasi ya spika USIIUNGE na hasi ya betri. Kwenye redio hizi nyaya zote mbili za spika zina umeme.

Joshi

Na viungo vyote apige solda. Solda ndiyo kiungo, vingine ni kubanabana.

FundiWaya

Tumeanza. Solda inapanda ndani ya waya, pale inapoishia waya unakuwa mgumu upande mmoja na laini upande mwingine, na mtikisiko wa boti unaukata hapohapo. ABYC hairuhusu solda iwe ndiyo kitu pekee kinachoshikilia kiungo. Bana kwa koleo lenyewe la kubania, juu yake mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto.

Joshi

Miaka yote napiga solda, hakuna uliokatika.

Mzee_Mlingoti

Nyote wawili mna haki, ila mmoja wenu hajawahi kubadilisha waya amelala chali ndani ya kabati.

Kamba_Fupi

Nje ya mada kidogo. Spika zangu zote mbili mpya lakini besi hakuna, nikizima moja besi inarudi. Hiyo ni nini?

FundiWaya

Moja umeiunga kinyume. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye chanya ya spika. Koni ikisogea nje, sawa. Ikiingia ndani, geuza nyaya.

Kamba_Fupi

Mkuu ubarikiwe!! Ilikuwa ya kushoto.

BintiSitaha

Wakati tupo hapo: amplifaya yangu nikiiwasha, VHF, redio ya mawasiliano, inakoroma chaneli 16, ile ya dharura. Nikizima inanyamaza. Hili ndilo doa pekee la hizi ndogo, lazima niseme ukweli.

FundiWaya

Ndogo nyingi ni za aina ya D, zinafanya kazi kwa kukatakata umeme haraka sana. Hazili betri sana, lakini zinapiga kelele hewani. Isogeze mbali na VHF na waya wa antena yake, nyaya za spika zisokote pamoja, ziwekee pete za feraiti, za kumeza kelele, karibu na amplifaya. Na hakikisha ni yenyewe. Taa za LED za bei rahisi zinafanya hivyohivyo. 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba LED zinavuruga VHF na AIS, mfumo wa meli kutambuana. Weka chaneli tulivu, punguza skwelchi, kile kitufe cha kunyamazisha ukoromo, hadi ukoromo uanze, irudishe kidogo tu hadi unyamaze, halafu washa kitu kimoja kimoja. Kinachorudisha ukoromo ndicho mwizi.

Mzee_Mlingoti

Sasa mmekuja kwangu. Mtu aombe msaada chaneli 16 na wewe usimsikie kwa sababu ya besi.

TupaNanga

Wakuu, mrejesho. Sikukata kitu. Nimemshika mtu, nikapima spika pale nilipochora duara, boti imeelekea karibu na magharibi, na dira ilihama digrii 15 na ushei. Basi nikahamia makabati ya mbele kama mlivyosema, nikafungua ubao wa nyuma ili nione kuna bomba gani. Hakuna bomba. Kuna maji. Ubao umelowa kuanzia chini ya dirisha hadi kwenye rafu, na skrubu za dirisha zina kutu. Silikoni imezunguka nje vizuri tu, sasa yanapita wapi?

Ngama_Kavu

Silikoni ya juujuu ni pambo. Toa dirisha zima, safisha, tumia tepu ya butili, mpira unaonata, chini ya fremu. Na kabla hujalirudisha, bonyeza faiba kwa kidole kuzunguka tundu. Kama ukuta una balsa, ubao laini, katikati na unabonyea, stirio isubiri.

BintiSitaha

Butili na dirisha la akriliki vinaelewana? Nimesikia lile likipata joto linatanuka linaisukuma butili nje.

Ngama_Kavu

Inategemea kama dirisha lina fremu ya chuma au limebandikwa tu. TupaNanga hajasema.

FundiWaya

Kama kawaida yake.

TupaNanga

Hahaha. Lina fremu ya alumini. Nitaweka picha kesho nikifika. Nikishalitoa, mashimo ya skrubu za zamani niyajaze epoksi nitoboe upya, au nitumie hayohayo?

Joshi

Yajaze, utoboe upya. Halafu ile redio ya gari hutaki tena? Ninayo moja imekaa tu hapa nyumbani.

TupaNanga

Ina USB?